Blanketi la Umeme na Udhibiti wa Joto Lake

Katika kipupwe cha mwaka jana mwalimu mmoja mstaafu kutoka Njombe alifika ofisini kwangu akiwa amebeba kikapu. Mzee huyu alinifundisha hesabu katika shule ya msingi, na hata leo hunisemesha kama mtoto wa darasa la tano. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akatoa kikapuni blanketi la rangi ya maziwa lenye waya mrefu na kisanduku cha swichi. Karibu na pembe moja ya blanketi palikuwa na doa la kahawia lenye ukubwa wa kiganja, na katikati ya doa kitambaa kilikuwa kimekauka na kuvunjika kama jani la mgomba la mwaka jana.

Alinieleza habari yenyewe kwa ufupi. Mwanawe anayefanya kazi Marekani alimletea mama yake blanketi la umeme ili asiteseke na baridi. Plagi yake haikuingia katika soketi za huku, basi fundi wa mtaani akaikata na kufunga plagi nyingine. Usiku ule walilitandika juu ya kitanda chembamba, wakachomekea pembe zake chini ya godoro, wakaweka juu yake mablanketi mengine mawili mazito, kisha wakawasha swichi katika alama ya juu kabisa ili kitanda kipate joto upesi, wakaenda kula. Kabla ya saa moja kwisha walisikia harufu. Mungu alisaidia, hapakuwa na mtu kitandani.

“Fyuzi nimeitazama, nzima,” alisema mwalimu. “Swichi nzima. Waya haujakatika popote. Wewe ndiye uliyekwenda Ulaya kusomea mambo haya. Niambie, kama kila kitu ni kizima, kitambaa kimeungua kwa nini?”

Makala hii ni jibu nililompa, pamoja na mambo ambayo sikupata nafasi ya kumweleza siku ile. Nimeona yafaa yachapishwe kwa kuwa mablanketi ya namna hii yanazidi kuonekana katika nyanda zetu za juu. Mengine huletwa na jamaa walioko ng'ambo, na mengine huuzwa pamoja na mitumba. Wala siyaandiki kwa nia ya kuyapiga marufuku. Katika Njombe, Makete, Mbeya na Lushoto usiku wa Juni na Julai una baridi kali, na huko juu Kitulo umande huganda kuwa barafu. Wapo watu ambao, kwa kukosa njia nyingine, huingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga dirisha. Mkaa unaowaka katika hewa haba hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu usingizini. Ukililinganisha na jiko hilo, blanketi zuri la umeme ni msaada mkubwa. Lakini sharti liwe zuri, na litumike kwa ujuzi.

Volteji na nguvu

Ndani ya blanketi la umeme mna waya mwembamba uliopindishwa kwenda na kurudi kama nyayo za mtu anayelima matuta. Kwa kawaida urefu wake ni meta 20 au zaidi. Waya huo una ukinzani, na mkondo wa umeme unapopita ndani yake nishati ya umeme hugeuka kuwa joto. Nguvu ya joto hilo, kwa wati, hupatikana kwa kuzidisha volteji kwa volteji yenyewe, kisha kugawanya kwa ukinzani wa waya. Jambo la kushika hapa ni kwamba volteji huingia mara mbili katika hesabu. Ikiongezeka maradufu, joto haliongezeki maradufu, bali mara nne.

Kibandiko cha blanketi la mwalimu kilisema volti 120, wati 100. Mraba wa 120 ni 14,400. Ukigawanya kwa 100 unapata ukinzani wa omu 144. Ukinzani huo ni mali ya waya, hauondoki kwa kubadilisha plagi. Umeme wa Tanzania ni wa volti 230. Mraba wa 230 ni 52,900; ukigawanya kwa 144 unapata wati 367. Fundi alifunga plagi kwa ustadi, sikuona kosa katika kazi ya mikono yake. Alichofanya, bila kujua, ni kuligeuza blanketi la wati 100 kuwa la wati 367.

Mablanketi ya Japani ni hatari zaidi, kwa sababu umeme wa nyumbani huko ni wa volti 100. La wati 100 kutoka Japani litatoa wati 529 likichomekwa hapa kwetu. Yanayotoka Uingereza na nchi nyingine za Ulaya yametengenezwa kwa volti 230 hivi, na kwa upande huu hayana neno.

Sasa swali la fyuzi. Wati 367 katika volti 230 huhitaji mkondo wa ampea 1.6 tu. Fyuzi iliyokuwamo katika plagi ile ilikuwa ya ampea 13, yaani haishtuki mpaka mkondo uwe mara nane ya huo. Hata kama angeweka fyuzi ya ampea 3, ambayo ndiyo inayofaa kwa blanketi, isingekatika. Fyuzi imewekwa kulinda nyaya zisipate mkondo mkubwa kupita kiasi, kwa mfano nyaya mbili zinapogusana. Kiwango cha joto cha godoro si kazi yake, na haina njia ya kukijua. Hali kadhalika swichi ya kisasa inayokata umeme unapovuja kwenda ardhini: hiyo humlinda mtu asipigwe na umeme, lakini blanketi linaweza kuungua lote mbele yake bila hata chembe ya mkondo kuvuja.

Mizania ya joto

Msomaji anaweza kuuliza: taa za zamani za wati 100 tulizishika wote nyumbani, kwa nini basi blanketi la wati 100 lisiwe na hatari, na la wati 367 liwe nayo? Jibu ni kwamba idadi ya wati peke yake haitoshi. Kiwango cha joto cha kitu hupanda mpaka joto linalotoka nje lilingane na joto linalozalishwa ndani. Kwa hiyo yatupasa tujue mambo mawili: joto limeenezwa katika eneo gani, na lina njia gani ya kutokea.

Tuchukue blanketi lile lile, lenye upana wa meta 1.5 na urefu wa meta 1.8. Eneo lake ni meta za mraba 2.7. Wati 100 zikienea humo, kila meta ya mraba hupata wati 37. Mtu mzima aliyelala hutoa mwenyewe joto la wati 70 hivi, basi blanketi linalofanya kazi sawasawa ni kama mwenzio mwingine kitandani, hata akizidi kidogo.

Nguo za kitanda na godoro huzuia joto lisitoke, na hiyo ndiyo kazi yake. Tuseme, kwa ajili ya hesabu, kwamba kwa kila wati moja inayotaka kupenya katika meta moja ya mraba, nguo za juu huhitaji tofauti ya nyuzi nusu ya Sentigredi, na godoro kadhalika. Joto lina njia mbili, ya juu na ya chini, kwa hiyo tofauti inayohitajika ni robo ya uzi kwa kila wati. Blanketi likitandazwa vizuri na kupata volti 120, litapanda nyuzi 9 juu ya joto la chumba. Chumba kikiwa na nyuzi 12, kitanda kitakuwa na 21. Ni raha tupu.

Sasa tulitie volti 230. Kila meta ya mraba hupata wati 136, na joto hupanda nyuzi 34. Kitanda chembamba kililazimisha blanketi likunjwe mara mbili, kwa hiyo katika eneo lililokunjwa wati zikawa 272, na joto likaelekea nyuzi 68 juu ya chumba, yaani 80 hivi. Pembeni, ambapo mkunjo uliingia ndani ya mkunjo mwingine, palikuwa na tabaka nne. Fanya hesabu utaona joto la hapo lilikuwa linaelekea nyuzi 148, na waya wenyewe ulikuwa na joto zaidi ya hapo. Kihami cha plastiki kinachoufunika waya hulainika mapema kabla ya kufika huko. Doa la kahawia lilikuwa pembeni, palepale penye tabaka nne.

Nakiri kwamba hesabu hii ni ya makadirio. Joto la namna hiyo huhitaji muda mrefu kufikiwa, na godoro halikuwa la kipimo changu. Hata hivyo inaonyesha jambo ambalo watengenezaji hulikariri katika kila karatasi ya maelekezo, na watumiaji hulipuuza, kwamba blanketi la umeme lisikunjwe likiwa linafanya kazi. Mkunjo hauongezi hata wati moja. Hukusanya wati zilizopo mahali padogo na kuzifungia njia. Blanketi zima la volti 230, lenye kila aina ya hati ya ubora, nalo litafanya vivyo hivyo likiachwa limewaka ndani ya furushi.

Namna ya kupunguza na kuongeza

Njia rahisi ya kudhibiti joto ni ile ya swichi yenye alama tatu. Blanketi huwa na nyaya mbili zilizo sawa, tuseme kila mmoja ni wa wati 50 katika volti 230. Katika alama ya kati hutumika waya mmoja. Katika alama ya juu nyaya zote mbili hupokea umeme sambamba, nazo hutoa wati 100. Katika alama ya chini huunganishwa mfuatano, ukinzani unakuwa maradufu, na jumla ni wati 25 tu. Njia nyingine ni kutia dayodi, ambayo hupitisha umeme kwa upande mmoja na kuuzuia unaporudi, hivyo joto hupungua kuwa nusu kamili. Zote mbili ni njia za kupunguza wati. Hakuna kitu chochote humo kinachopima joto.

Kidhibiti kilichopata sifa kubwa Marekani tangu miaka ya 1930 kilikuwa cha namna tofauti. Ndani ya kisanduku cha kando ya kitanda mna utepe uliotengenezwa kwa metali mbili zilizogandamizwa pamoja. Metali moja hutanuka kuliko mwenzake inapopata joto, basi utepe hujipinda na kuachanisha ncha za umeme. Kando ya utepe huwekwa waya mdogo wa kuupasha joto. Umeme ukiwaka, utepe hupata joto, hujipinda na kukata. Ukipoa hurudi na kuwasha tena. Kwa hiyo blanketi huwaka na kuzimika usiku kucha. Chumba kikizidi baridi, utepe hupoa upesi, na vipindi vya kuwaka huwa virefu zaidi.

Ni ubunifu mzuri, na mimi mwenyewe nimeulalia miaka minne nikiwa mwanafunzi kaskazini mwa Uingereza, katika chumba ambacho dirisha lake lilifanya ukungu wa barafu upande wa ndani. Lakini msomaji mwangalifu ataona jambo la ajabu. Kisanduku hiki hupima hewa ya chumba. Hakiko ndani ya blanketi wala hakijui habari za blanketi. Usiku mmoja niliamka nikitetemeka, nikalaumu blanketi kwa kuharibika, kumbe mto ulikuwa umekiangukia kisanduku. Chini ya mto kilipata joto, kikadhani chumba kina joto, kikazima. Kosa la kinyume lina hatari: blanketi likikunjwa na kuchemka, kisanduku kilichoachwa katika hewa ya baridi kitaona kuna baridi tu, nacho kitaendelea kuwasha.

Watengenezaji walilijua tatizo hilo. Wakaweka ndani ya blanketi lenyewe vikata joto vidogo, kila kimoja kama punje ya maharage, ambavyo hukata umeme mahali vilipo pakizidi joto. Hivyo ndivyo vile vivimbe vinavyosikika ukipapasa blanketi la kizamani. Nililipapasa la mwalimu, nikahesabu vivimbe vinne. Doa la kuungua lilikuwa baina ya viwili, na cha karibu zaidi kilikuwa zaidi ya shubiri mbili kutoka hapo. Blanketi na shuka ni vipitishi dhaifu sana vya joto. Joto la doa halikusafiri shubiri mbili. Kila kikata joto kililinda mahali pake kwa uaminifu, na hakuna hata kimoja kilichokuwa mahali palipoungua.

Waya unaojihisi wenyewe

Kwa kuwa haijulikani ni wapi mtumiaji atakunja, ni wapi paka atalala na ni wapi mtu ataweka sanduku, kipimo sharti kiwepo kila mahali. Hapo ndipo ilipozaliwa fikra ya kuufanya waya wa joto uwe pia kipimajoto katika urefu wake wote. Lakini zipo njia zaidi ya moja za kuitekeleza fikra hii, na hazilingani kwa ubora. Naomba msomaji anivumilie hapa, kwa maana ndipo palipo na kiini cha somo.

Njia ya kwanza inayomjia mtu akilini ni kutumia metali ambayo ukinzani wake huongezeka kwa joto, kama shaba, na kupima ukinzani wa waya mzima. Ukinzani wa shaba huongezeka kwa sehemu 4 hivi katika kila 1,000 kwa kila uzi mmoja wa Sentigredi. Tuseme waya una urefu wa meta 25, na meta moja tu imo ndani ya mkunjo na imepanda nyuzi 60 zaidi ya nyingine. Ukinzani wa meta hiyo umeongezeka kwa asilimia 24. Lakini ni meta moja katika 25, basi ukinzani wa waya mzima umeongezeka kwa asilimia 1 hivi tu. Ongezeko hilo hilo lingetokea kama blanketi zima lingepata joto la nyuzi mbili na nusu, jambo lisilo na madhara yoyote. Kidhibiti hakiwezi kutofautisha mambo haya mawili. Kipimo cha namna hii hutoa wastani, na wastani humeza hatari ya mahali pamoja, kama vile wastani wa alama za darasa usivyoonyesha mtoto mmoja aliyepata sifuri.

Njia ya pili ni bora kuliko hiyo. Waya wa joto huzungushwa juu ya uzi imara wa nyuzinyuzi, juu yake hufunikwa kwa tabaka jembamba la plastiki, na juu ya tabaka hilo huzungushwa waya wa pili. Nje kabisa huwa na kihami cha kawaida. Plastiki ile ya kati ndiyo mlinzi. Katika aina moja ni plastiki inayoyeyuka kwa joto linalojulikana, ambalo ni chini ya joto la kuunguza kitambaa. Mahali popote penye joto kupita kiasi, plastiki huyeyuka, nyaya mbili hugusana, na mkondo hupita katika ukinzani mdogo uliomo ndani ya kisanduku. Ukinzani huo huchemka mara moja na kukata fyuzi ya joto iliyofungwa kando yake. Blanketi hufa na halifufuki tena, nalo limekusudiwa life.

Katika aina nyingine plastiki haiyeyuki, bali imetiwa dawa zinazoifanya ipitishe umeme kidogo kidogo kadiri inavyopata joto. Upitishaji huo hauongezeki taratibu kama ule wa shaba, bali huruka kwa marudufu. Isitoshe, kila sehemu ya tabaka hilo iko sambamba na nyingine, kwa hiyo mkondo unaopenya mahali pamoja hujumlishwa na wa mahali pengine, wala haugawanywi kwa urefu wa waya. Sentimeta chache zilizochemka zinaweza kupitisha mkondo kuliko meta zote zilizobaki zikiwekwa pamoja. Saketi ya elektroniki ndani ya kisanduku huuona mkondo huo na kupunguza umeme, au kuukata, kabla ya madhara kutokea. Hapa blanketi haliharibiki. Ukilikunjua hupoa na kuendelea na kazi.

Katika miaka ya 1980 ikaingia sokoni njia ya tatu, ambamo waya hujidhibiti wenyewe. Nyaya mbili za shaba hukaa ubavu kwa ubavu ndani ya plastiki iliyochanganywa na masizi ya kaboni. Umeme hupita kutoka waya mmoja hadi mwingine kwa njia ya punje za masizi zinazogusana. Plastiki ikipata joto hutanuka, punje huachana, ukinzani hupanda, na joto hupungua mahali pale pale. Pembe iliyokunjwa hujipunguzia wati zake bila kuiathiri sehemu nyingine. Njia hii ina udhaifu wake: waya mmoja wa shaba ukikatika, cheche inaweza kuruka katika mwanya uliopo, ndiyo maana kidhibiti chake huwa na saketi ya kugundua waya uliokatika.

Joto lisilounguza kitambaa

Mpaka hapa nimezungumzia moto. Ipo hatari nyingine isiyotoa harufu. Mwaka 1947 watafiti wawili wa Marekani, Moritz na Henriques, walichapisha matokeo ya majaribio yao juu ya kuungua kwa ngozi. Waliona kwamba ngozi ikikaa katika nyuzi 44 za Sentigredi kwa saa 6 hivi huungua, ingawa nyuzi 44 ni maji ya kuoga ya mtu apendaye joto. Juu ya kiwango hicho, kila uzi mmoja unaoongezeka hupunguza muda kwa nusu hivi. Kwa nyuzi 45 ni saa 3, kwa nyuzi 47 ni dakika 45 tu.

Mtu mwenye afya hageuki mkaa kitandani. Huona joto, hugeuka, hulitupa blanketi. Lakini mgonjwa wa kisukari ambaye miguu yake imekufa ganzi hasikii. Mlevi hasikii, wala aliyemeza dawa za usingizi. Mtoto mchanga husikia, lakini hawezi kujifunua. Kwa watu hawa, pashia kitanda joto nusu saa, zima, chomoa plagi, kisha walale. Mama aliyenipangisha chumba Uingereza alishika kanuni hiyo kwa kila mtu, awe mzima au mgonjwa, maana mablanketi ya ujana wake yaliagizwa yachomolewe kabla ya kulala. Nilimcheka wakati ule.

Kulikagua na kulitunza

Mwenye blanketi la umeme na aanze na kibandiko. Kama hakuna kibandiko, au hakisomeki, asilichomeke. Kikionyesha volti 100, 110 au 120, plagi isibadilishwe. Mwalimu aliniuliza kama transfoma ingefaa. Kwa blanketi zima ingefaa, alimradi iwe transfoma halisi ya nyaya za shaba, yenye uwezo unaozidi wati za blanketi. Vile visanduku vyepesi vya wasafiri, ambavyo hukatakata mawimbi ya umeme badala ya kuyapunguza, havifai, kwa kuwa kilele cha volteji hubaki kikubwa na huweza kuua saketi ya kidhibiti, ambayo ndiyo mlinzi.

Fundi mwenye mita anaweza kupima ukinzani wa blanketi lililochomolewa na kuulinganisha na mraba wa volteji uliogawanywa kwa wati. Kwa blanketi la volti 230 na wati 100 jibu ni omu 529. Kipimo hiki hufaa kwa mablanketi ya waya na swichi tu. Yenye elektroniki hayawezi kupimwa hivyo kutoka katika plagi.

Waya wa ndani ukikatika usiungwe. Najua ushauri huu ni mgumu katika nchi ambamo kila kitu huungwa, na mimi mwenyewe nimeunga pasi na redio nyingi. Lakini tazama hesabu. Blanketi la wati 100 lina mkondo wa ampea 0.43. Kiungo kilichosokotwa kwa mkono, kikilegea na kupata ukinzani wa omu 20 tu, kitatoa wati 3.7. Ni kidogo, utasema. Lakini waya wenyewe hutoa wati 4 katika meta nzima, ilhali kiungo hutoa kiasi hicho katika nafasi ndogo kuliko punje ya mchele.

Blanketi lisipigwe pasi, lisitobolewe kwa pini, wala lisilowe. Kwetu sharti niongeze panya, ambao hupenda sana kabati lenye nguo nzito na hawabagui waya. Wakati wa joto lihifadhiwe kwa kuviringishwa, kwa kuwa mkunjo wa mwaka mzima huvunja nyaya nyembamba. Huko Uingereza vikosi vya zimamoto hushauri liachwe likifika miaka 10 hivi, na hili ndilo linalonitia shaka juu ya yale ya mitumba, kwa maana mara nyingi huuzwa kwetu baada ya umri huo.

Jambo moja zaidi halimo katika karatasi za maelekezo za ng'ambo, kwa sababu huko umeme haukatiki mara kwa mara. Swichi ya kubonyeza hubaki ilipo umeme ukikatika. Mtu huamka gizani, hutandika kitanda, hukunja blanketi, huenda shambani. Saa nne asubuhi umeme hurudi, na blanketi huwaka likiwa ndani ya mkunjo, mlango umefungwa. Vidhibiti vingi vya elektroniki hurudi katika hali ya kuzimwa umeme unaporudi, na hiyo ni sababu nyingine ya kuvipenda, lakini plagi iliyochomolewa haihitaji kuaminiwa.

Kuhusu gharama hakuna la kuogopesha. Blanketi la wati 60 likiwaka saa 8 mfululizo hula chini ya nusu ya yuniti, wakati hita ya chumba ya wati 2,000 hula kiasi hicho kwa robo saa. Na kwa asiye na blanketi wala hita, chupa ya mpira yenye lita 2 za maji ya nyuzi 60, ikipoa hadi nyuzi 35, hutoa kitandani joto sawa na la blanketi hilo la wati 60 kwa muda wa saa moja hivi.

Mwalimu aliondoka na chupa mbili za namna hiyo, akaniachia blanketi. Liko katika maabara yetu. Mwaka huu wanafunzi wa mwaka wa kwanza walipima ukinzani wake baina ya ncha za plagi, swichi ikiwa katika alama ya juu. Mita ilionyesha omu 143. Likichomekwa leo litawaka.